Kabla hujauliza ushushe sentimita ngapi, angalia shokapu imebakiwa na nafasi kiasi gani

Kila mara anakuja mtu na ombi lile lile: fundi, nataka kushusha gari ikate kona vizuri lakini isiwe ngumu. Ukimuuliza kona au muonekano, anaangalia ule uwazi kati ya tairi na madigadi afu anacheka. Mimi sina neno, kupenda gari ikae chini ni sababu halali kabisa, ila sema mapema maana jibu langu linabadilika.

Tuanze na faida yenyewe, watu wengi wanaikuza. Ukiingia kona uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje, na kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu ndivyo unavyohama mwingi. Chukua gari ya kilo 1,400, kitovu kiko sentimita 55 kutoka chini, na kati ya tairi ya kushoto na ya kulia ni mita 1.5. Kwenye kona ya nguvu, tuseme 0.8 ya mvutano wa dunia, hapo tairi za kawaida zimeshaanza kulia, zinahama kama kilo 411. Ishushe sentimita 3, zinahama 388. Yani umepata kama kilo 22 na ushee, asilimia tano na ushee. Ni faida kweli, siikatai, lakini ukifunga tairi nzuri utapata zaidi ya hapo bila kugusa springi hata moja. Ule mshtuko wa "eh, gari imebadilika!" mtu akitoka na springi mpya hautokani sana na kimo, unatokana na springi kuwa ngumu zaidi, gari inalala upande kidogo tu kwenye kona na inajibu usukani haraka.

Sasa hapo ndo kila mtu anaruka na kusema basi springi ngumu ndo inayoua raha. Si kweli, au tuseme si kwa kiasi mnachodhani. Gari ikikaa kwenye springi zake ina mdundo wake wa kupanda na kushuka, gari za starehe ni kama mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, za kimichezo zinasogea kwenye 2. Mdundo haupandi sawa na ugumu wa springi, unafuata kipeuo cha pili chake, kwa hiyo springi ngumu kwa asilimia 30 inaongeza mdundo asilimia 14 tu, kutoka 1.3 unafika karibu 1.5, na mwili wa binadamu hapo hauna shida, hata kutembea kwa miguu kuna mdundo wa namna hiyo. Kinachotuumiza ni mtikisiko wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, ule unaotetemesha tumbo, pamoja na kishindo kimoja kimoja kinachopanda moja kwa moja mgongoni. Kishindo hicho kinatoka wapi? Mara nyingi ni stopa.

Stopa ni ule mpira uliokaa juu kwenye fimbo ya shokapu, kazi yake kuzuia chuma kisigonge chuma. Tuseme gari yako ikiwa imesimama ina sentimita 8 za kupandisha tairi kabla haijagota kabisa, na 3 za mwisho ni za stopa. Shusha 4 kwenye shokapu zile zile. Zimebaki 4, na stopa inaguswa baada ya sentimita moja! Hapo gari haiendi tena kwenye springi, inakalia mpira, na mpira ukibanwa ni springi ngumu kupita kiasi. Mwenye gari analalamika springi ngumu wakati springi yenyewe haijapata hata nafasi ya kufanya kazi.

Na hii ndo sababu sikubali ile hesabu ya mizani, kwamba unatoa raha kidogo unapata kona kidogo. Hapa unapoteza vyote viwili. Uko katikati ya kona, gari imelala upande, stopa ya mbele ya nje imeshagusa, afu unakuta kituta. Ugumu wa pembe ile ya gari unaruka ghafla, tairi inabebeshwa mzigo ghafla, inateleza, na mbele inagoma kukata inaenda moja kwa moja. Ikitokea nyuma ni mbaya zaidi, mkia unachomoka. Tairi inayorukaruka haishiki barabara, na tairi ambayo haishiki haina kona yoyote ya kukupa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote fanya jaribio la dakika tano. Chukua tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu isikaze sana, isukume chini mpaka iguse kichwa cha shokapu, halafu endesha siku mbili tatu njia zako za kawaida na mizigo na watu wako wa kawaida. Ukirudi, tai imesukumwa juu mpaka pale shokapu ilipofika kwenye kishindo kikubwa kuliko vyote. Pima iliyobaki mpaka kwenye stopa. Kama zimebaki sentimita 3, hizo ndo zako za kuchezea. Kama tai imeshabusu mpira hata kabla hujashusha, bwana, badili shokapu kwanza.

Kuhusu shokapu, ile ile hesabu ya 14 inarudi. Springi ikiwa ngumu kwa asilimia 30 shokapu nayo inatakiwa iongezwe nguvu kama asilimia 14 ili iitulize vile vile, na shokapu ya zamani iliyochoka haina hiyo akiba, ndo unaona gari imeshushwa afu baada ya tuta inanesa kama mtumbwi. Lakini kinyume chake nacho nakiona sana, mtu kanunua koilova, yani springi na shokapu zilizofungwa pamoja, zenye kitufe cha kurekebisha ugumu wa shokapu anazungusha mpaka mwisho kwa sababu ngumu ndo michezo. Shokapu ikizuia mno springi isirudi, tuta la kwanza linabana, la pili linakuja springi haijafunguka, la tatu hivyo hivyo, gari inazidi kuzama mpaka inakalia stopa ingawa nafasi ulikuwa nayo. Mimi naanza laini kabisa, naongeza klik moja moja, yani hatua moja ya kitufe, mpaka kunesa kunaisha, hapo nasimama.

Halafu kuna jambo la MacPherson, mfumo wa springi na shokapu ulio mbele ya gari nyingi ndogo. Wishiboni ya chini, ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi, kiwandani inainamia kidogo upande wa tairi. Ukishusha inalala sawa, ukishusha zaidi inaanza kuinuka upande wa tairi, na ile nukta ambayo gari inaizungukia inapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Umbali kati ya hivyo viwili ndo wenzo unaoilaza gari, na umeurefusha! Ndo maana gari iliyoshushwa sentimita 6 inaweza kutaka springi ngumu ili tu ilale kiasi kile kile cha mwanzo. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza tairi, nazo zinabadilika pembe, kila tuta usukani unavutwa kidogo. Kuna boljointi ndefu, vile viungo vya mwisho wa wishiboni, za kurudisha pembe, zinafanya kazi vizuri, ila ukishushia sentimita 2 au 3 huzihitaji.

Alaimenti, yani kupanga upya pembe za tairi, ni lazima, sibishani na mtu. Tairi ikiinama ndani kidogo haiui sana, inayokula ule ukingo wa ndani mpaka nyaya zitoke ni pale tairi mbili zinapoangalia pande tofauti. Cheki na taa, pua ikishuka zaidi ya mkia mwanga nao unashuka.

Kitu ambacho hata mafundi wazima wanakisahau: bushi. Ni vile vipande vya mpira kwenye maungio ya wishiboni, na vingi vimeshikana na chuma chake, vinajikunja vikifanya kazi. Ukikaza bolti za wishiboni gari ikiwa juu ya jeki tairi zinaning'inia, ukiishusha bushi zote zinabaki zimejisokota muda wote, gari inakaa ngumu na bushi zinachanika mapema. Legeza, shusha gari ikae kwenye uzito wake, ndo ukaze. Kuna gari nimeshawahi kuilainisha kwa spana peke yake.

Kukata springi? Nilikata, nikiwa kijana, ya kwangu. Springi yenye mizunguko sita ukitoa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, hapo sipo pabaya, pabaya ni kwamba niliponyanyua gari kubadili tairi springi ilikuwa inacheza huru kwenye kiti chake. Nilikaa chini nikaiangalia nikakumbuka mwendo niliokuwa nao asubuhi ile.

Kosa jingine la watu ni kukaza springi za mbele kuliko za nyuma. Maurice Olley, Mwingereza aliyekuwa General Motors miaka ya 1930, alishaonyesha kwamba mdundo wa nyuma uwe juu kidogo kuliko wa mbele, maana mbele inapiga tuta kwanza, na kwa mwendo wa 80 nyuma inafuata baada ya kama sekunde 0.12, kwa hiyo nyuma inabidi iwahi ili zikutane gari itulie. Ukigeuza, pua na mkia vinapishana tu barabara nzima.

Juzi jamaa aliyeshusha sentimita 5 alirudi, mgongo unamuuma na mbele inateleza. Tai yake ilikuwa imezama kwenye mpira. Nikampandisha 2, nikarudisha klik sita, nikalegeza na kukaza bushi chini. Akazunguka akarudi, akaniuliza nimembadilishia tairi gani.