Prinsipati: jinsi Augustus alivyotawala Roma bila kuitwa mfalme

Prinsipati ni mfumo wa utawala ulioasisiwa na Augustus, kaizari wa kwanza wa Roma. Mtu mmoja alishika nguvu zote kubwa za dola, huku Seneti, baraza la wakuu wa Roma, ikiendelea kukutana na makonsuli, yaani viongozi wawili wakuu wa dola, wakiendelea kuchaguliwa kila mwaka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Yeye alijiita princeps tu, yaani raia wa kwanza, na hicho hakikuwa cheo chochote kisheria.

Sababu ilikuwa hofu. Warumi waliwafukuza wafalme wao karne nyingi kabla, na kumwita mtu mfalme lilikuwa tusi. Jemadari Julius Caesar alipojitwalia udikteta wa maisha, aliuawa kwa visu kwenye kikao cha Seneti mwaka 44 KK. Mrithi wake Octavianus, ndiye Augustus wa baadaye, aliyekuwa na miaka 18 tu, hakulisahau hilo. Alimshinda jemadari mwenzake Antonius na Cleopatra, malkia wa Misri, huko Actium, Ugiriki, mwaka 31 KK, na kufikia hapo hakuwa na mpinzani. Hata hivyo, Januari 27 KK alitangaza mbele ya Seneti kwamba anairudisha jamhuri mikononi mwao. Maseneta wakamsihi asiwaache, wakampa jina la Augustus pamoja na usimamizi wa majimbo yenye majeshi mengi.

Ufundi wenyewe ulionekana mwaka 23 KK. Aliacha ukonsuli aliokuwa akiushika mwaka hadi mwaka, akapewa mamlaka ya tribuni, yaani mtetezi wa raia wa kawaida, bila kuwa tribuni. Kwa mamlaka hayo aliweza kuzuia uamuzi wowote, kuitisha Seneti na kupeleka miswada, na ilikuwa kufuru mtu kumgusa kwa ubaya. Juu ya hapo, amri yake ilizidi ya gavana yeyote majimboni. Nguvu zilikuwa zimetengwa na vyeo: wengine waligombea vyeo, yeye akabaki na nguvu. Misri, iliyolisha Roma kwa ngano yake, aliiweka chini ya liwali asiye seneta, na seneta hakuruhusiwa kukanyaga huko bila kibali chake.

Mwaka 22 KK, mji ukiwa na njaa, umati ulimtaka awe dikteta. Augustus alipiga magoti, akaishusha toga, vazi rasmi la Kirumi, mabegani, akabaki kifua wazi akiwaomba wasimlazimishe. Udikteta akaukataa, ila kazi ya kuulisha mji akaipokea. Mimi siuoni huo kuwa unafiki mtupu. Watu waliokwisha kuzika ndugu zao katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walitaka amani, na aliwapa; walicholipa ni uhuru wa kuamua mambo yao.

Kasoro kubwa ya mfumo ilikuwa urithi. Nafasi ambayo kisheria haipo haiwezi kuwa na sheria ya kurithiwa. Augustus alimwandaa mpwa wake Marcellus, akafa. Akawaandaa wajukuu zake Lucius na Gaius, nao wakafa. Mwisho akamgeukia Tiberius, mwana wa mkewe, akamgawia mamlaka yale yale mapema, na alipofariki mwaka 14 BK mambo yakapita salama. Lakini Caligula, kaizari aliyemfuata Tiberius, alipouawa mwaka 41 hapakuwa na aliyeandaliwa. Maseneta walikaa kujadili kama jamhuri irejeshwe kweli, na wakati huo askari wa ulinzi wa kaizari walikuwa wameshamchukua Claudius, ami wa Caligula, kambini kwao na kumtangaza mtawala.