Kibodi inayosahihisha yenyewe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Wandegeya, Kampala, nachapa tasnifu za wanafunzi wa Makerere na barua za Wakongomani wanaozitaka kwa Kiswahili. Wateja huniuliza: kwa nini kisahihishi cha maneno kisitiwe ndani ya kibodi yenyewe, kikatumika kwenye kila kompyuta? Wazo linavutia, lakini mimi silikubali.

Dhana: Kibodi inajua unachoandika.

Haijui. Kibodi ya USB haitumi herufi, inatuma namba ya kitufe. Ukigonga Q inatuma 20, basi. Kompyuta ndiyo inayoamua 20 ni herufi gani. Iliyowekewa mpangilio wa Kifaransa, kama laptopu za wateja wangu wengi kutoka Kongo, itaandika A. Wala kibodi haioni skrini.

Tuseme imefundishwa kugeuza "teh" kuwa "the" papo hapo. Unaanza kuandika "tena". Umefika "te", mara unaona kule juu jina la mteja limeandikwa "Sale" badala ya "Saleh". Unabofya kwa kipanya mwisho wa jina, unagonga h. Kibodi haina habari na kipanya. Yenyewe imehesabu t, e, h. Inaizuia h uliyogonga, inafuta e iliyotangulia, inaandika "he". Jina sasa ni "Salhe", na barua inakwenda benki.

Kwenye nywila ni vibaya zaidi, maana unaona vidoti tu. Utaambiwa umekosea na hutajua wapi.

Dhana: Mbona Word inafanya hivyo hivyo?

Word inasahihisha tangu 1993, ila yenyewe inajua mshale uko wapi na hati ni ya lugha gani. Ikikosea, Ctrl+Z inakurudishia neno lako. Marekebisho ya kibodi, kompyuta inayaona kama vidole vyako mwenyewe.

Dhana: Kinachohitajika ni kamusi kubwa tu.

ATmega32U4, chipu iliyozoeleka kwenye kibodi za kujiundia, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu nzima. QMK, programu huria ya kuendesha kibodi za namna hiyo, inacho kisahihishi, lakini kinategemea orodha fupi ya makosa ya Kiingereza, na mwenye kibodi ndiye anayeamua kukiweka. Hata hapo kuna mitego: "thier" ni "their" iliyokosewa, lakini imo ndani ya "wealthier", neno lisilo na kosa lolote.

Kiswahili ndicho kinachoniuma. Kitenzi "piga" peke yake kinazaa nimempiga, hatukupigiwa, watakaopigiana, na bado hujamaliza. Orodha gani itayabeba yote hayo? Na majina yetu, Akello, Byaruhanga, Nalwoga, nani atayaingiza?

Mimi natumia kamusi ya Kiswahili ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word. Inapiga mstari mwekundu chini ya neno inalolitilia shaka, inaliacha lilivyo, nami namgeukia mteja nimuulize jina lake linaandikwaje.