Mbegu zimefika angani na kurudi, mimba bado

Julai hapa Tukuyu ukungu hushuka mpaka kwenye migomba. Nikifungua mtungi wangu wa naitrojeni, moshi wake unachanganyika nao. Ndani ya mtungi, nyuzi 196 chini ya sifuri, imelala mirija ya mbegu za fahali ninazowapandikizia ng'ombe wa wafugaji. Huwa nachomoa mmoja kwa koleo, nauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, kisha naufuta ukauke kabisa, maana tone la maji likiingia linaua mbegu.

Juzi mama mwenye mtamba niliyekwenda kumpandikiza akaniuliza, "Mwanangu, hizi zina muda gani humo?" Nikamjibu, "Miaka minne, mama." Akaguna. Ndipo nikamsimulia habari za mtafiti Teruhiko Wakayama wa Chuo Kikuu cha Yamanashi, Japani. Mwaka 2013 mbegu zake za panya, zilizogandishwa na kukaushwa, zilipelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Nyingine zilikaa huko karibu miaka 6. Mbegu kavu haiogelei, hivyo ziliporudi zilidungwa kwa sindano ndani ya mayai. Wakazaliwa panya 168, wazima.

"Na mama zao nao walikwenda huko angani?" akauliza.

Hapana, walikuwa huku huku duniani. Mama yule aligusa penyewe. Mwaka 1979 Wasovieti walirusha panya madume na majike pamoja katika chombo cha angani Kosmos 1129, hakuna jike lililozaa. Samaki aina ya medaka walitaga angani mwaka 1994 na mayai yakaanguliwa, lakini samaki amezoea kuelea tangu hapo. Hakuna mnyama anyonyeshaye aliyetungwa mimba na kuzaliwa huko.

Kinachonitia hofu zaidi ni mayai. Wiki moja kwenye kituo kile humpa mwanaanga mionzi mingi kuliko ile ya asili ambayo mtu wa kawaida duniani huipata mwaka mzima. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kwa takriban siku 74, ila mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, aliruka mwaka 1963, akajifungua binti salama mwaka uliofuata, lakini alikaa angani karibu siku 3 tu. Kwenda sayari ya Mirihi na kurudi ni zaidi ya miaka miwili.

Wanaopanga makazi huko Mirihi, mimi ningewaomba kwanza panya mmoja tu: atungwe mimba, azaliwe na anyonye hukohuko mpaka aachishwe.