Je, wajua kwa nini mtoto humwamini sungura anayeongea na kumkataa shujaa mwenye kila nguvu?

Msomee mtoto wa darasa la tatu pale Pasua au Majengo, mjini Moshi, kwamba sungura alivaa koti akapanda Hiace kwenda Kiboriloni kununua viatu vya mtumba. Hatakuuliza sungura alijifunza wapi kuongea. Atataka kujua kama alipata saizi yake. Kisha msomee hadithi nyingine: ukurasa wa nne, msichana shujaa amejaliwa uwezo wa kupita ukutani. Ukurasa wa tisa, adui anamfungia stoo, na msichana analia kutwa nzima mpaka mzee wa ajabu anapotokea na funguo. Hapo mtoto atakukatiza: "Si anapita ukutani huyu?"

Hadithi zote mbili ni uongo mtupu. Hakuna sungura aliyewahi kubishana bei na mwenye meza Kiboriloni. Kwa nini basi uongo mmoja unapokelewa kwa furaha na mwingine unakataliwa? Swali hili linawahusu hasa wenye miradi ya kujitolea ya kuwaandikia watoto hadithi hapa Moshi.

Watu wazima wengi hudhani mtoto anakubali lolote kwa kuwa bado hajui lipi linawezekana duniani. Mambo yako tofauti. Mtoto anajua vizuri kwamba sungura haongei. Anachokipima ni kama jambo la sasa linakubaliana na lile uliloliweka wewe mwenyewe dakika tatu zilizopita, na kipimo hicho anacho kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwanasaikolojia Alan Leslie aliwapima watoto wa takriban miaka miwili kwa mchezo wa chai. Vikombe viwili vitupu, birika tupu. Mtafiti anajifanya kumimina chai katika vikombe vyote viwili, kisha anakipindua kimoja na kukikung'uta, halafu anamuuliza mtoto: kipi hakina chai? Kwa macho, vyote havina kitu. Lakini mtoto anaonyesha kile kilichopinduliwa, kwa sababu ndani ya mchezo kile kingine bado kimejaa. Mwaka 1993, Paul Harris na Robert Kavanaugh walionyesha jambo linalofanana na hilo: watoto wa umri huohuo walipomwona mwanasesere dubu "akimwaga" chai isiyokuwepo juu ya mwanasesere mwingine, walisema yule aliyemwagiwa amelowa. Hakuna tone lililodondoka, ila chai ikimwagika, kinacholowa kimelowa.

Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anatunza hesabu ya dunia ambayo haipo. Wa miaka minane anaitunza kwa ukali zaidi. Waandishi wasio na uzoefu humwandikia kana kwamba hana hesabu yoyote kichwani, na hapo ndipo maandiko mengi ya kujitolea yanapoangukia.

Wazee wetu walilijua hili bila maabara. Msimulizi akisema "Hadithi hadithi!", wasikilizaji hujibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo umeshakaribishwa mlangoni, hakuna atakayeulalamikia. Ila una sharti lake. Ndiyo maana sungura wa ngano hashindi kwa misuli hata siku moja. Ni mdogo, ni dhaifu, na ushindi wake wote unatoka kichwani. Fisi ana tamaa mwanzo hadi mwisho. Mwandishi akija na sungura anayemkunja simba mweleka bila maelezo, ameharibu mkataba, na watoto ndio wa kwanza kulalamika.

Mfano bora wa kazi iliyofanyika vizuri unaonekana ukiwa umesimama stendi ya Moshi asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Wachaga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro, walikuwa majirani. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika hujikongoja kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa. Akarudi, akapewa tena. Alipozidi, Kibo akachoka akamtwanga, wengi husema kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi amebaki na mapengo mpaka leo. Angalia kazi iliyofanyika hapo. Uongo ni mmoja tu, kwamba milima ni watu. Yote yanayofuata ni mambo ya kila jikoni: jirani mwombaji, uvumilivu unaokwisha, chombo kilichokuwa karibu na mkono. Na ushahidi uko palepale, upande wa mashariki wa Kibo, umechongoka hadi mita 5,149.

Wataalamu wa miamba wana maelezo yao: Mawenzi ni volkano iliyokufa zamani na mmomonyoko umeitafuna, wakati Kibo, yenye mita 5,895, imelala tu, na kwenye kreta yake iitwayo Reusch bado inafuka gesi zenye harufu ya kiberiti. Yaani mwenye moto katika hadithi ndiye mwenye moto hadi leo. Sidai kwamba wasimulizi walikuwa na vipimo. Nasema waliutazama mlima kwa makini kabla ya kuusimulia, na waandishi wetu wa leo mara nyingi hawautazami.

Chukua sentensi hii, ambayo kwa namna moja au nyingine nimekutana nayo katika miswada ya hapa hapa: "Jua likazama nyuma ya Mlima Kilimanjaro, na mji wa Moshi ukaingia gizani." Nzuri masikioni. Lakini Kibo iko kaskazini mwa Moshi, karibu kaskazini kamili. Jua halijawahi kuzama huko. Ukiwa Arusha mlima huo uko mashariki, kwa hiyo huko ndiko jua linakotokea. Anayetaka jua lizame nyuma ya Kilimanjaro ampeleke shujaa wake Rombo, upande wa mashariki wa mlima. Mhariri wa Dar es Salaam anaweza kuipitisha sentensi ile. Mtoto wa Rau, hapa Moshi, anayeanika nguo kila Jumamosi anajua jua linatokea wapi na linaishia wapi.

Sasa turudi kwenye miradi yenyewe. Vijana wanne watano wanakutana, wanataka kuwaandikia watoto hadithi ndefu ya kusisimua, mmoja anachora, pesa hakuna, moyo upo. Ninawaheshimu. Ila rasimu ya kwanza huja hivi (hii nimeiunda mwenyewe kutokana na nyingi, isimguse mtu):

"Katika nchi ya mbali ya Zandoria, kulikuwa na msichana mwema, mzuri na jasiri aitwaye Aurelia. Alikuwa na nguvu za ajabu. Siku moja giza kuu liliifunika nchi, na Aurelia akaamua kuiokoa dunia."

Kinachokosekana si mawazo. Nchi ina jina lakini haina kitu: hatujui watu wake wanakula nini, wanaogopa nini, ni jambo gani kwao ni aibu. Nguvu zipo, lakini hatuambiwi zinaishia wapi wala zinamgharimu nini mwenye nazo. Msichana ni mwema, mzuri na jasiri kabla hajafanya lolote, kwa hiyo hana pa kukua. Giza linakuja kwa sababu mwandishi alihitaji giza. Na mara nyingi vijana hawa wameshachora ramani nzima ya Zandoria, falme saba na mito yake, kabla hawajaamua Aurelia anataka nini asubuhi anapoamka.

Nguvu isiyo na gharama ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Shujaa anayeweza kila kitu hana hadithi, kwa sababu hatari yote imekwisha ukurasa wa kwanza. Mwandishi akishaligundua hilo katikati ya safari, humsahaulisha shujaa nguvu zake kwa muda, na hapo ndipo lile swali la ukuta linapozaliwa.

Na kinachosikitisha ni kwamba kanuni zenye gharama zimetuzunguka tele. Fikiria mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Maji hayaendi kwa anayetaka. Yana zamu. Mfongo una wazee wake, una siku ya kuusafisha, na asiyetokea kwenye kazi ya pamoja anaweza kutozwa faini au kunyimwa maji. Hapo tayari kuna sheria, kuna gharama, kuna adhabu, kuna kishawishi cha kuiba maji usiku wakati jirani amelala. Au fikiria sale, ule mmea unaopandwa mipakani mwa vihamba. Kwa mila ya Wachaga, aliyekosa akimpelekea jani la sale aliyemkosea, huyo hutakiwa kusamehe. Jani linalomlazimisha mtu kusamehe! Mwandishi wa Zandoria angelipa fedha nyingi kupata wazo kama hilo, na limeota nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Tujaribu:

"Zamu ya maji ya kina Manka iliangukia usiku wa manane. Bibi akampa taa na jembe. 'Ukishafungua, usiongee na mtu mpaka maji yafike mgombani. Ukifungua mdomo, yanarudi.' Manka akaenda, akaondoa jiwe kwenye banio, maji yakaanza kumfuata nyuma. Pale kwenye kona, juu ya mti ulioinama, ameketi mbega mwenye mvi. 'Wewe mjukuu,' mbega akasema, 'siku hizi hamsalimii wakubwa?'"

Mbega anaongea, na sidhani mtoto atalalamika. Atakuwa anahangaika na Manka. Akisema shikamoo, maji yanarudi na migomba inakauka. Akinyamaza, amekosa adabu mbele ya mzee mwenye mvi, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kichaga ameshaonywa tangu anaanza kutembea. Kanuni moja ya uchawi imegongana na kanuni moja ya nyumbani, na hatukuhitaji falme saba. Hatukusema pia kwamba Manka ni jasiri. Tutaona.

Sisemi kila hadithi ya Moshi lazima iwe na migomba. Mtu aandike safari ya mwezini akitaka. Lakini dunia za kuazima kutoka katuni zina shida moja ya pekee: mwandishi mwenyewe hazijui, kwa hiyo hawezi kujibu swali la pili. Mtoto akiuliza mbwamwitu analala wapi, mwandishi ambaye hajawahi kumwona anaanza kubahatisha. Theluji ndiyo inanishangaza zaidi. Hadithi hujazwa theluji ya Ulaya, ya kwenye mapaa na miti ya misonobari, wakati mtoto wa Moshi ana theluji yake, anaiona dirishani na hajawahi kuigusa. Tena inapungua: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imekwisha. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona mwaka 1848 na kuandika habari zake, msomi wa London William Cooley aliikataa kabisa, maana theluji karibu na ikweta haikukaa sawa na dunia aliyoijenga kichwani mwake. Rebmann alikuwa na ukweli na bado hakuaminiwa. Mwandishi mwenye uongo inabidi ajipange zaidi.

Kuna kasoro nyingine ndogondogo nitazipita haraka. Wahusika wote kuongea kwa sauti moja, ile ya risala ya mgeni rasmi, mtoto wa Soweto ya hapa Moshi hasemi "Ewe mama mpendwa, nimerejea." Majina magumu kusomeka kwa sauti. Na ile sentensi ya mwisho, "Hadithi hii inatufundisha kwamba...", tuliyoizoea kwenye maswali ya ufahamu shuleni. Mwalimu ana sababu ya kuuliza funzo. Mwandishi hana sababu ya kujibu mtihani wake mwenyewe, na ubaya zaidi ni kwamba funzo likitangulia, wahusika huanza kufanya mambo yasiyoingia akilini ili tu walifikie.

Namna ya kujua kama dunia yako imesimama ni kusoma kwa sauti mbele ya watoto, bila kujitetea. Wakisema "Halafu?", endelea. Wakisema "Si ulisema...?", simama uandike swali lilivyo, maana wamekutajia ukurasa wenye ufa. Wakianza kuchezea viatu, kata aya hiyo.

Kwa mradi wa watu wengi, ambapo kila mmoja anaandika sura yake, daftari moja la kanuni huokoa ugomvi mwingi. Humo iandikwe nani hawezi kufanya nini (hili ni muhimu kuliko anachoweza), kila nguvu inagharimu nini, mto uko upande gani wa nyumba, ni mwezi gani, kwa sababu Machi hadi Mei ni masika na Julai ni baridi, na hakuna mtoto atakayeamini Manka anatembea pekupeku kwenye vumbi la Aprili. Mchoraji naye apewe daftari hilo, pamoja na picha halisi ya mlima. Wengi wanaochora wakiwa mbali huuchonga kama pembe tatu yenye ncha kali. Kibo ina kichwa kilicholala, na yenye ncha ni Mawenzi.