Dhana potofu kuhusu kupanga tatizo la biashara kwenye usaili wa kampuni za ushauri

Dhana: Ukikariri mifumo mitano au sita ya kuchambua biashara, umejiandaa.

Kwenye usaili huu unapewa tatizo la kampuni uligawe. Msaili anaitambua mifumo hiyo mapema sana. Kwa mfano, nguvu tano za mtaalamu wa mikakati ya biashara Michael Porter, za mwaka 1979, zinapima ushindani ndani ya sekta. Ukiulizwa kwa nini faida ya kampuni moja imeshuka, hazikufikishi mbali. Matawi, yaani sehemu unazogawia tatizo kwenye mchoro wako, yatoke kwenye swali lenyewe.

Chukua kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam hadi Dodoma ambayo faida yake imeporomoka. Faida ni mapato kutoa gharama. Mapato ya safari ni viti vilivyouzwa mara nauli, ongeza mizigo. Gharama nyingine hupanda kwa kila safari (dizeli, posho ya dereva, matairi), nyingine zipo hata basi likilala (bima, kodi ya ofisi, mishahara ya kila mwezi).

Dhana: Matawi mengi ndiyo akili pana.

Matatu au manne yanatosha. Kipimo ni kile cha Barbara Minto, aliyefanya kazi kampuni ya ushauri ya McKinsey miaka ya 1960: vipande visiingiliane, na vikikusanywa visiache pengo. Kosa la kila siku ni kuweka "mapato", "abiria" na "nauli" ngazi moja. Abiria mara nauli tayari ni mapato! Umehesabu kitu kilekile mara mbili, na namba zikija utajikwaa.

Dhana: Kunyamaza ni udhaifu.

Omba dakika moja au mbili uchore, hakuna anayekulaumu. Ila kwanza uliza: imeshuka kiasi gani, tangu lini, njia zote au moja?

Dhana: Mchoro ukikamilika, kazi imekwisha.

Hapa ndipo wengi wazuri wanapoangukia: wanasoma matawi yote, kisha wanamtazama msaili. Sema unaanzia wapi, na kwa nini. Tuseme basi la viti 50 lilibeba abiria 40 kwa nauli ya shilingi 30,000, sasa linabeba 32. Kila safari inapoteza 240,000. Dizeli ya 400,000 ikipanda asilimia 10, ni 40,000 tu. Kwa hiyo anza na viti: abiria wamehamia kampuni nyingine, au wamepanda treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024? Omba idadi ya abiria ya kila mwezi, kabla na baada ya treni kuanza.