Bima ya mtoto wa mbwa si ya kungoja augue

“Bado mdogo, mzima kabisa. Akianza kuumwaumwa nitamkatia bima.” Kwa anayefuga Uingereza, hesabu hiyo ni ya hasara. Kampuni za bima za huko kwa kawaida hazilipii maradhi yaliyojitokeza kabla ya bima kuanza, na kujitokeza hakungoji daktari ayape jina. Mbwa alipelekwa kwa kujikuna masikio, ikaandikwa kwenye faili lake. Ukikata bima mwezi ujao, madai ya mzio wa ngozi yanaweza kukataliwa. Tena magonjwa huwa na kipindi cha kusubiri, mara nyingi siku 14 tangu bima ianze, na yanayojitokeza humo hayalipiwi.

Unapochagua, bei isikupumbaze. Zipo bima zinazolipia ugonjwa mmoja kwa miezi 12, kisha basi. Ile ya maisha yote ya mbwa ni ghali zaidi, lakini kiwango cha juu inacholipa hurudi upya kila mwaka ukihuisha bila kukatiza, na kwa mzio au kisukari ndiyo ninayoiona ina maana. Chanjo na dawa za minyoo? Hizo kwa kawaida utajilipia mwenyewe.