Sumu ya mafuta ghafi kwa mnyama aliyeyameza

Sumu ya mafuta ghafi ni madhara yanayoupata mwili wa mnyama aliyemeza mafuta ambayo hayajasafishwa. Mombasa tunaishi jirani nayo: mwaka 2005 meli iliyamwaga bandarini Kilindini, yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz. Mbuzi na ng'ombe huyanywa kwa kiu, au kwa hamu ya chumvi.

Wengi hudhani tumbo ndilo huumia kwanza. Sivyo: cha kuhofia zaidi ni mapafu. Mafuta mepesi yakipotea njia kooni, hata kidogo, hutambaa haraka ndani ya mapafu na kuyachoma, kisha nimonia huingia. Wanyama wanaocheua wamo hatarini zaidi, kwani mafuta huelea juu ya chakula tumboni na kurudi kooni kila wanapocheua au kubeua, hata siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo usimtapishe mnyama, wala usimnyweshe maziwa au mafuta ya nazi kwa chupa. Anachotapika au unachomnywesha chaweza kuishia mapafuni. Mtoe penye mafuta, mwekee maji safi anywe mwenyewe, umwite daktari wa mifugo. Kupitisha mrija wa mpira hadi tumboni ni kazi yake.

Mafuta yaliyofyonzwa na utumbo hufika kwenye ini. Vimeng'enya vyake huyageuza ili yatoke kwa mkojo na nyongo, lakini baadhi ya kemikali, kama benzopairini, zikishageuzwa ndipo huwa kali: hushika DNA, yaani chembe za urithi, na kuiharibu. Figo nazo huumia zikiyachuja.

Shakwe na ndege wengine wa baharini huyameza wakijisafisha manyoya kwa mdomo. Kwao, seli nyekundu za damu hupasuka, damu ikapungua, na ini likajaa madini ya chuma yatokayo kwenye seli hizo. Ndiyo sababu ndege aliyeoshwa akang'aa bado anaweza kufa.

Ukishuku mbuzi ameyameza, tia kinyesi chake kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, tikisa, kisha uache kitulie. Mafuta yakiwepo yataelea juu. Akifa, daktari atatazama sehemu za mbele za chini za mapafu: huwa nyekundu iliyokolea na ngumu, wakati mwingine zikinuka mafuta. Nyama hiyo isiuzwe wala isiliwe.